Chombo Gani Kitafaa Jamaa Yetu?

Watu wengi wa kandokando ya Ziwa Tanganika hufika siku moja mahali pale tulipofika sisi, mume na mke. Akiba imewekwa kwa miaka mingi, watoto wameongezeka, njia ya nchi kavu ni mbaya, na nyumba yote yasema kwa sauti moja: "Tununue chombo cha mota." Kusema hivyo ni rahisi. Kuchagua ndiko kwenye kazi. Sisi tulionyeshwa vyombo viwili, vyote vidogo, vyenye bei za kukaribiana, na kila kimoja kilikuwa na mtetezi wake ndani ya nyumba yetu. Tumefikiri ya kwamba shauri letu laweza kuwafaa jamaa nyingine, ndiyo sababu tunawaandikia.

Kwanza tueleze hali yetu. Kijiji chetu kiko kusini ya Moba, yapata kilometa 25 kwa njia ya maji. Nyumbani tuko watu wanane: sisi wawili, watoto watano, na nkambo wao, mama mzaa baba, ambaye miguu yake haimruhusu tena kupanda milima. Na nchi yetu ni milima mitupu. Ukiacha ufuko tu, unaanza kupanda. Wakati wa masika njia hukatika mahali pengi, na mwenye pikipiki huisukuma kuliko anavyoipanda. Soko kubwa liko Moba, shule ya sekondari ya watoto wetu wawili wakubwa iko Moba, na hospitali vilevile. Kwa miaka mingi tulikuwa tukilipia nafasi katika mitumbwi ya wafanyabiashara. Tuliketi juu ya magunia, tukaondoka saa waliyoitaka wao, siyo saa tuliyoihitaji sisi.

Hatukutaka chombo cha kuvulia ndakala, wala cha kuchukulia abiria kwa malipo. Tulitaka chombo cha jamaa: kitufikishe sokoni na kuturudisha, kiwapeleke watoto shuleni mwanzo wa muhula, kimchukue mgonjwa usiku, na kimwezeshe nkambo kuwaona ndugu zake angali hai. Maneno hayo tuliyaandika kwenye karatasi kabla ya kwenda kutazama chombo chochote. Karatasi hiyo ilitusaidia sana baadaye, kwa maana macho yakikutana na kitu kizuri, akili husahau upesi haja iliyoitoa nyumbani.

Vyombo vyenyewe

Chombo cha kwanza kilikuwa mtumbwi wa mbao, ambao fundi wa kijiji jirani alikuwa karibu kuumaliza. Urefu wake mita 8, upana wake mita 1 na sentimeta 70, mbavu zake nzito, mbao zake za mninga uliokauka vizuri. Bei yake ilikuwa dola 900. Mota mpya ya nguvu ya farasi 15, ya kufungwa nyuma, ilipatikana kwa dola 2,200. Jumla dola 3,100.

Chombo cha pili kilikuwa boti ya faibaglasi, nyeupe, yenye viti na kioo kidogo mbele cha kuzuia upepo. Urefu wake mita 5 na nusu. Nyuma yake ilifungwa mota ya nguvu ya farasi 40, iliyokwisha kufanya kazi miaka kadhaa. Mwenyewe alikuwa akihama, naye alitaka dola 3,300 kwa yote mawili pamoja. Akiba yetu yote ilikuwa dola 3,400.

Baba wa nyumba aliipenda boti. Wala hakuipenda kwa kujionyesha tu, kama vijana wanavyopenda. Sababu yake ilikuwa nzito. Miaka michache nyuma mtoto wetu wa tatu alipatwa na homa kali jioni, nasi tukakaa ufukoni na mtoto mikononi hata alfajiri, mpaka mtumbwi wa mfanyabiashara ulipoondoka. Mtoto alipona, lakini usiku ule haukutoka moyoni mwa baba. "Ugonjwa haungoji," alisema. "Boti hii yafika Moba kabla ya saa moja kwisha. Mtumbwi wahitaji saa mbili. Katika tofauti ile mtu aweza kufa."

Mama wa nyumba aliutaka mtumbwi. Alimsikiliza mumewe hata mwisho, kisha akamwuliza neno moja tu: "Boti hii ni ya watu watano. Sisi tuko wanane. Ukiondoka nayo, ni watatu gani utakaowaacha ufukoni?"

Hapo tuliona ya kwamba wote wawili tulikuwa tukisema neno moja, yaani usalama wa watoto, lakini kila mmoja alilitazama kutoka upande wake. Basi tukakubaliana jambo hili: hatutashindana kwa maneno, tutavipima vyombo vyenyewe, na kipimo ndicho kitakachosema.

Kupima kwa mchanga

Fundi wa mtumbwi, mzee aliyeanza kuchonga mbao kabla sisi hatujazaliwa, ndiye aliyetufundisha. Alituambia: "Wanangu, chombo kitupu husema uongo. Kikiwa kitupu, kila chombo ni chepesi, kila chombo ni cha mbio. Kipakieni kwanza, ndipo mkitazame."

Tukahesabu uzito wetu. Wanunuzi wa ndakala walituazima mizani yao, tukapima kila mtu wa nyumba, toka nkambo hata mtoto wa mwisho, tukaongeza mizigo ya siku ya soko. Jumla ilikuwa karibu kilo 430. Ndipo tukajaza mchanga katika mifuko tisa, kilo 50 kila mmoja, tukaipanga ndani ya chombo mahali watu wanapoketi. Mchanga haulii wala hauogopi. Ukizama, hatukupoteza kitu.

Boti ikiwa na watu wawili na mifuko miwili, iliruka juu ya maji kama ndege. Lazima tuseme kweli: ilikuwa furaha kuitazama. Sehemu ya mbele iliinuka, kisha chombo chote kikapanda juu ya maji, kikateleza. Hii ndiyo siri ya boti za namna hiyo. Hazipasui maji, bali huteleza juu yake, na kwa hiyo huenda mbio. Lakini kuteleza kunahitaji wepesi. Tulipotia mifuko yote tisa, boti haikuweza kupanda tena. Mota ilinguruma, pua ilielekea mbinguni, sehemu ya nyuma ikazama, na mwendo ukawa kama kilometa 12 kwa saa, yaani mwendo uleule wa mtumbwi. Tulipima pia kimo cha ubavu juu ya maji: nyuma zilibaki sentimeta 22 tu. Wimbi la kawaida la mwezi wa Julai lingeingia bila kubisha hodi.

Mtumbwi nao tuliupakia mifuko ileile. Haukufanya ajabu yoyote. Ulishuka kidogo, ukabaki na sentimeta 55 juu ya maji, ukaenda kilometa 12 na nusu kwa saa, kama ulivyokwenda ulipokuwa na watu wawili, pungufu kidogo tu. Chombo kirefu na chembamba hupasua maji taratibu, na uzito haukibadilishi sana. Baba wa nyumba aliitazama saa yake, akanyamaza.

Hesabu ya petroli

Baada ya hapo tulikaa mezani na kalamu. Mota za petroli za namna hii, zikifunguliwa kabisa, hunywa karibu lita 4 kwa saa kwa kila nguvu ya farasi 10. Basi ile ya 15 itakunywa lita 6 kwa saa, na ile ya 40 lita 16.

Kwenda Moba na kurudi ni kilometa 50. Mtumbwi utatumia saa 4 na lita 24. Boti nyepesi, kwa mwendo wa kilometa 30 kwa saa, itatumia saa 1 na dakika 40, na lita 27 hivi. Tulishangaa, kwa maana tulidhani mota kubwa itatufilisi mara moja. Kumbe, boti ikiwa nyepesi na maji yakiwa shwari, tofauti ya petroli ni ndogo, na saa mbili na zaidi zinaokolewa. Hiyo ilikuwa hoja ya baba, nayo ilikuwa hoja ya kweli.

Lakini boti iliyojaa haitelezi. Itakwenda polepole kama mtumbwi, na mota yake kubwa itaendelea kunywa lita 12 kwa saa au zaidi. Safari ileile itakula karibu lita 50, yaani mara mbili ya mtumbwi. Na sisi husafiri tumejaa. Siku ya soko hatuendi wawili na mkoba. Twaenda na nkambo, na mtoto mchanga, na mihogo, na kuku. Tena, tukisafiri mara mbili ili tupate wepesi, lita 27 zitakuwa 54. Hesabu ni hesabu, haina upendeleo.

Ziwa lenyewe

Mwenye kuchagua chombo lazima alikumbuke ziwa lake. Ziwa Tanganika lina urefu upatao kilometa 670, toka kaskazini hata kusini, na upana wa kilometa 50 tu kwa kawaida. Wakati wa kiangazi, toka Mei hata Septemba, upepo wa kusini huvuma ukifuata urefu huo, na maji hayana mahali pa kujificha. Kadiri upepo unavyosafiri mbali juu ya maji, ndivyo mawimbi yanavyokua. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na yamekaribiana. Chombo kifupi hupanda moja na kuangukia jingine, na kila pigo humfikia anayeketi. Anayepigwa hivyo hupunguza mwendo, apende asipende. Chombo kirefu hukaa juu ya mawimbi mawili kwa pamoja, nacho hutulia zaidi. Wakati wa masika hatari ni nyingine: dhoruba fupi zenye ngurumo, ambazo hushuka kutoka milimani ghafula. Hapo mbio ni msaada kweli, kama bandari iko karibu.

Ziwa letu limejua vyombo vidogo vya mota tangu zamani. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, Waingereza walileta boti mbili za mota kutoka Ulaya, jina lao Mimi na Toutou. Zilitoka Afrika ya Kusini kwa reli, zikavutwa porini katika Katanga kwa mashine za mvuke na ng'ombe, zikapitia mto Lualaba, kisha reli tena hata Kalemie. Urefu wa kila moja ulikuwa mita 12 hivi. Tarehe 26 Desemba 1915 zilikamata meli ya Wadachi iliyoitwa Kingani, na Februari 1916 Hedwig von Wissmann ikazamishwa. Watu wale walichagua wepesi na mbio, nao walichagua sawasawa, kwa sababu kazi yao ilikuwa vita. Boti zile hazikubeba nkambo wala mihogo. Kila kazi ina chombo chake, na anayenunua chombo cha kazi ya mwingine atalipa mara mbili.

Ubao wa nyuma na mikono ya kutengeneza

Kuna jambo jingine ambalo wanunuzi wengi hawalitazami. Boti ya faibaglasi haiozi, watu husema. Ni kweli kwa faibaglasi yenyewe. Lakini ule ukuta wa nyuma unaobeba mota, mara nyingi ndani yake kuna ubao uliofunikwa. Maji yakipenya katika matundu ya skrubu, ubao huo huoza gizani, nje pakionekana pazuri. Rafiki yetu, fundi wa mota, alitufundisha kuupima. Aligonga ukuta ule kwa mpini wa bisibisi, polepole, kutoka pembe moja hata nyingine. Mahali pazima palilia kwa sauti kavu. Mahali pamoja, chini ya mota, sauti ilizimika kama mtu anayegonga boga. Kisha akaiinua mota, akaegemeza uzito wake juu yake, akatazama kama ukuta unacheza. Ulicheza kidogo.

Aliifungua pia skrubu ya chini ya mota ile ya 40, ili aone mafuta ya meno. Mafuta mazima yana rangi yake safi. Yakiwa meupe kama maziwa, maana yake maji yameingia. Ya mota ile yalikuwa yameanza kuwa meupe. Mwenye boti hakuwa mdanganyifu. Yeye mwenyewe hakulijua jambo hilo, naye alishukuru kuambiwa. Tunalitaja ili wasomaji wajue kwamba ukaguzi wa saa moja waweza kuokoa akiba ya miaka.

Tukajiuliza pia: chombo kikipasuka, nani atakitengeneza? Miaka hii maji ya ziwa yalipanda sana. Kati ya 2020 na 2024 yalifunika nyumba na viwanja huko Uvira, Kalemie na Bujumbura, na kwetu ufuko mzuri wa kuvutia mitumbwi ulipungua mno. Chombo hulala majini, karibu na mawe, nacho hugongwa. Ubao ukivunjika, fundi yuko umbali wa saa moja kwa miguu. Ana msumeno wake, pamba yake ya kukalafati na lami yake. Faibaglasi ikipasuka, yahitaji utomvu wake maalum na kitambaa chake, vitu ambavyo dukani kwetu havipo, tena yahitaji mikono iliyojifunza. Kwa upande mwingine, mtumbwi wa mbao unadai kazi kila mwaka: kuutoa majini, kuukausha, kuukalafati upya na kuupaka. Asiyekuwa na moyo wa kazi hiyo asinunue ubao.

Fedha iliyobaki

Neno lililokata shauri halikuwa mbio wala petroli. Lilikuwa ile fedha iliyobaki. Tukinunua boti, tutabaki na dola 100, na ukuta wa nyuma ungali wangoja fundi. Tukinunua mtumbwi, tutabaki na dola 300. Mama wa nyumba aliandika vitu ambavyo lazima viwe ndani ya chombo chochote siku ya kwanza: jaketi nane za kuokoa maisha, nne zikiwa za kadiri ya watoto, makasia mawili, nanga na kamba ndefu, buji mbili za akiba na pini za elisi, tochi isiyoingia maji, ndoo ya kutekea maji. Dola 100 hazikutosha hata jaketi na nanga. Dola 300 zilitosha vyote, na kidogo kikabaki cha kuandikisha chombo kwa serikali.

Msidhani jaketi ni pambo. Desemba 2014 meli Mutambala ilizama katika ziwa hili letu, na watu zaidi ya 100 walikufa. Aprili 2019, baada ya ajali kubwa katika Ziwa Kivu, Rais Tshisekedi aliagiza kwamba abiria wote wavae jaketi. Hata hivyo, tarehe 3 Oktoba 2024, chombo kilichotoka Minova kilipinduka karibu na Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa bandarini Kituku, na makumi ya abiria wakafa. Bandari ilikuwa karibu. Nguo ya kuelea ilikuwa mbali. Mtu mzima ndani ya maji ahitaji msaada wa kilo chache tu ili kichwa chake kikae juu. Kilo hizo chache ndizo zinazokosekana.

Basi baba wa nyumba akalikunja lile karatasi la hesabu, akasema: "Mbio nilizitaka kwa ajili ya watoto. Jaketi nazo ni kwa ajili ya watoto. Siwezi kununua zote mbili. Nachagua zile zisizotegemea mota." Hivyo tulinunua mtumbwi, mwezi wa Oktoba 2023. Boti ilinunuliwa na mwalimu mmoja wa Moba na mkewe, ambao bado hawajapata watoto. Walibadilisha ule ubao wa nyuma, wakatengeneza mota, na leo boti ile yawafaa vizuri sana. Hatukusema ni mbaya. Tulisema si yetu.

Tulivyoutumia

Chini ya viti tulifunga mabidoni manane matupu ya lita 20, yaliyofungwa kwa nguvu. Kila bidoni likizama lasukuma juu karibu kilo 20. Ubao huelea wenyewe, lakini mota huuvuta chini upande wa nyuma. Kwa hiyo mengi ya mabidoni tuliyaweka nyuma. Mwendeshaji hufunga mkononi ile kamba ya kuzimia mota, ili akianguka, mota izimike na chombo kisimkimbie. Petroli twaichanganya na mafuta kama kitabu cha mota kilivyoagiza, lita 1 kwa lita 50, na kipimo ni chupa ileile kila siku, siyo macho. Na tumeweka sheria za nyumba: mtoto asiyevaa jaketi haingii, anayeomba kupakia gunia moja zaidi anaambiwa hapana, hata akiwa shemeji, na milima ya upande wa pili isipoonekana vizuri kwa sababu ya wingu jeusi, safari inangoja.

Julai 2024 lile jambo aliloliogopa baba lilirudi. Saa nane usiku mtoto wetu wa mwisho alishikwa na degedege la homa. Upepo wa kusini ulikuwa ukivuma. Tulimfunga mama mgongoni na mtoto chini ya jaketi, kijana wetu mkubwa akashika tochi mbele, tukaondoka saa tisa. Mawimbi yalikuja nyuma yetu, nasi tulikwenda kwa nusu ya nguvu ya mota, karibu na ufuko, ili chombo kisikimbilie ndani ya wimbi la mbele. Tulifika Moba kabla kidogo ya saa kumi na mbili, baada ya muda wa saa mbili na robo tatu. Ilikuwa malaria. Mtoto alitibiwa, na siku ya tano aliruhusiwa. Nasi tulingoja siku mbili tena hata upepo utulie, ndipo tukarudi.

Tulizungumza sana sisi wawili katika siku zile za kungoja. Katika mawimbi yale boti isingalikwenda mbio. Pengine isingalitoka ufukoni. Lakini tukubali pia: usiku wa shwari, na watu watatu tu ndani, boti ingalitufikisha kwa dakika 50. Saa moja na zaidi ya maisha ya mtoto ni kitu kikubwa, nasi tunaijua bei tuliyolipa. Kwa sababu hiyo twaweka nyumbani dawa ya malaria tuliyopewa na mganga pamoja na maagizo yake, na hatungojei tena homa ipande ndipo tuamke. Chombo kisicho cha mbio kinataka jamaa yenye kuondoka mapema.

Ndugu wasomaji, wale wanaofikiri kununua chombo wakae kwanza, bwana na bibi pamoja, wajiulize maneno haya kwa utulivu. Watu wangapi wataingia siku ya kujaa, siyo siku ya kujaribu? Mota itakunywa kiasi gani, na petroli ya mwezi itatoka wapi? Upepo wa kwetu ni wa namna gani? Nani atatengeneza? Na baada ya kulipa, je, itabaki fedha ya jaketi kwa kila kichwa? Pengine majibu yao yatawapeleka kwenye boti, kama yule mwalimu na mkewe. Pengine yatawapeleka kwenye ubao, kama sisi. Lakini bwana asinunue peke yake, hata kama fedha ni ya jasho lake, kwa sababu siku ya mawimbi hataketi humo peke yake.